Basikeli na Kilima: Safari Njema ni Ipi?

Kisiwa chetu hakina milima, kina vilima. Lakini mtu aliyekwisha kupandisha basikeli ya Phoenix kutoka bonde la mpunga mpaka juu kwenye mikarafuu, na gunia nyuma kwenye kerieri, hapati faraja yo yote kwa kuambiwa kuwa alichokipanda si mlima. Magoti yake hayajui tofauti. Kwa hivyo tumeona yafaa mara hii tuzungumze na wanachama juu ya jambo ambalo si bei ya karafuu, wala mbolea, wala miche, bali ni jambo la kila siku la mkulima wa vilimani: safari ya basikeli katika njia za udongo zenye kupanda na kushuka, na kitu gani khasa kinachoifanya safari hiyo iwe njema au iwe adhabu.

Ukiuliza swali hili barazani utapata majibu mengi. Kijana atakwambia ni basikeli yenyewe, iwe mpya na iwe na gia ishirini na moja. Mwingine atasema ni mbio, upepo masikioni. Mzee atajibu kuwa safari njema ni ile uliyofika na mzigo wako haukumwagika. Wote wamesema kweli, lakini kweli nusu. Nusu ya pili iko chini ya gurudumu, nayo ni njia. Tena, na hili ndilo lililotufanya tushike kalamu, njia iliyo njema kwa gurudumu huwa njema kwa shamba pia, na njia mbaya kwa mwenye basikeli ndiyo hiyo hiyo inayokula udongo wa mikarafuu. Basi hata mwanachama asiyekuwa na basikeli na asiyetaka kuwa nayo, jambo hili lamhusu.

Kwanza tutoe khabari za watu walioifanya kazi hii ikawa mchezo, maana wamejifunza mambo ambayo tutayahitaji huko mbele.

Katika jimbo la California, Marekani, kaskazini ya mji wa San Francisco, uko mlima uitwao Tamalpais, na karibu nao mji mdogo wa Fairfax. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko, wakiwamo Joe Breeze, Gary Fisher na Charlie Kelly, walikuwa wakiokota basikeli kuukuu za Schwinn, nzito, zenye tairi nene, zilizotengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Walizipandisha mlimani, wakateremka nazo katika njia za vumbi zilizokatwa kwa ajili ya magari ya kuzimia moto wa msituni. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya mashindano yao ya kwanza, mtu mmoja mmoja kwa kushindana na saa, katika njia inayoshuka kiasi cha mita 400 kwa mwendo usiofika kilomita 3 na nusu. Baadaye Gary Fisher aliishuka njia hiyo kwa dakika 4 na sekunde 22. Mwenye kutaka kujua maana ya hesabu hiyo na ajaribu kushuka kilima cha kwao kwa mbio za kilomita 46 au 47 kwa saa, penye mawe na kona. Au afadhali asijaribu.

Basikeli zile hazikuwa na breki za mkono kama zetu. Breki yake ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, na mtu akitaka kusimama hurudisha pedeli kinyume. Kila aliposhuka njia ile kitovu kilipata moto mpaka grisi ikageuka moshi, na kabla ya kushuka mara nyingine ilibidi kukifungua na kukipakia grisi mpya. Kwa sababu hiyo njia yenyewe ikapewa jina la Repack, yaani kupakia upya.

Jambo la moshi mtu anaweza kulidhania chumvi ya wasimulizi, lakini hesabu yalikubali. Mtu na basikeli yake wakiwa kilo 90, wakishuka mita 400, nguvu inayotaka kupotezwa njiani inatosha kuchemsha lita moja ya maji ya mtungini hadi yatokote. Sehemu huchukuliwa na upepo na mawe ya njia, lakini iliyobaki huingia yote katika kipande cha chuma kisichozidi ngumi ya mtu. Sisi vilima vyetu ni vifupi mno kuliko Tamalpais. Lakini mtu huyo huyo akifungasha kilo 50 za karafuu kavu, uzito wake umekwisha kuwa kilo 140, na vile vipande vya mpira vya breki havikuongezeka hata kimoja. Hilo tulikumbuke.

Khabari zilizobaki tuzipitie upesi. Mwaka 1977 Joe Breeze alijenga kwa mkono wake fremu mpya iliyokusudiwa milima tangu mwanzo. Mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua biashara ya kuziuza basikeli za namna hiyo, fremu zikiungwa na Tom Ritchey. Mwaka 1981 zikaanza kutengenezwa kwa wingi viwandani. Mashindano rasmi ya kwanza ya dunia yalifanywa mwaka 1990 huko Durango, Colorado, na mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Lakini tusiwape Wamarekani sifa zote. Huko Uingereza tangu mwaka 1955 kilikuwapo chama cha waungwana waliopenda kupeleka basikeli zao za kawaida mahali pasipo barabara, na pakishindikana kupanda wakizibeba begani. Na wachuuzi wa samaki wa kisiwa hiki, ambao alfajiri huteremka bandarini na kupanda tena vilimani kabla samaki hawajalegea, walikuwa wakiifanya kazi hiyo bila ya kombe wala nishani.

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Inaanza kwa kupanda, na kupanda ni jambo la meno ya gia.

Basikeli zetu za kawaida za inchi 28 huwa na meno kiasi cha 48 mbele na 19 au 20 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, basikeli huenda mita 5 na nusu hivi. Barabarani hapana taabu. Lakini kilimani ni kama mtu anayelazimishwa kupanda ngazi tano kwa hatua moja. Basikeli ya mlimani katika gia yake nyepesi huenda mita 1 na nusu tu kwa mzunguko mmoja. Haikupunguzii kazi, maana kilima ni kile kile. Inaigawa kazi katika vipande vidogo ambavyo paja la binadamu laviweza. Ndiyo maana mtu dhaifu mwenye gia ndogo humpita kijana mwenye nguvu aliyesimama juu ya pedeli akipindapinda kama mwenye kukama muwa. Asiyekuwa na gia, na wengi wetu hatunazo, asione haya kushuka na kusukuma. Hata katika mashindano ya dunia watu husukuma panapostahili kusukumwa.

Kwenye udongo wetu mwekundu yako mambo mawili mpandaji ayajue. La kwanza, asisimame juu ya pedeli penye utelezi, maana uzito ukihama kwenda mbele gurudumu la nyuma hubaki jepesi nalo huzunguka bure. La pili, akikaa nyuma mno, gurudumu la mbele huinuka na usukani hauna kazi tena. Mahali pake ni katikati: akae kwenye ncha ya mbele ya kiti, viwiko vimekunjwa, kifua kimeinama. Mwenye mzigo kwenye kerieri amekwisha kuharibiwa mizani kabla hajaanza, kwa hivyo gunia na liwe chini kadiri inavyowezekana na karibu na kiti, wala lisichomoze nyuma kama mkia.

Wazee walisema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na yaelekea aliyesema hayo aliwahi kuwa na basikeli. Kushuka ndiko kunakopendwa, na ndiko kunakovunja mikono. Siri zake ni chache. Pedeli zilale sawa, moja mbele na moja nyuma, si moja juu na moja chini, ili ya chini isigonge mzizi. Mtu ainuke kidogo kitini, magoti yalegee, kiuno kirudi nyuma. Macho yatazame mbali, mahali unapotaka kwenda, maana gurudumu hufuata macho. Anayelikodolea jiwe atalifikia jiwe. Na breki zishikwe kabla ya kona, si ndani ya kona. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo yataka vidole viwili na adabu. Ikikamatwa kwa ghafula mtu hutangulia kufika na basikeli ikafuata.

Hapa twapenda kusema neno juu ya breki za vyuma tulizozizoea, zinazobana rimu ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa, breki hushika kidogo sana, sehemu ndogo tu ya inavyoshika kukiwa kukavu. Asubuhi yenye umande, au baada ya mvua, mtu akiwa bado juu ya kilima na abane breki zake kidogo huku akienda polepole, mpaka vipande vya mpira vifute maji kwenye rimu. Ni kazi ya mizunguko michache. Akingoja kuzijaribu breki katikati ya mteremko, atakuwa amechelewa. Na mwenye gunia, kilima kikiwa kikali na udongo umelowa, ateremke kwa miguu. Twayajua majibu ya vijana katika shauri hili, lakini tumelisema.

Na upepo wa tairi. Wengi hujaza mpaka mpira ulie kama ngoma, wakidhani ndivyo basikeli iwavyo nyepesi. Barabarani ni kweli. Njiani penye mizizi na mawe, tairi gumu hurukaruka, na tairi likiwa hewani halishiki kitu. Wenye tairi nene za mlimani hutia ratili 25 hadi 30 kwa inchi ya mraba, ambazo ni kama nusu ya zile za tairi jembamba la barabara. Mwenye tairi jembamba asishuke hadi hapo, maana rimu itaubana mpira wa ndani juu ya jiwe na kuutoboa matundu mawili kama alama ya meno ya nyoka. Lakini kupunguza kidogo kutamfaa, na uti wa mgongo wake utamshukuru.

Hayo yote ni ya mtu na chombo. Tukija kwenye njia, twaona ndipo safari inapopata utamu wake au kuukosa.

Njia zetu nyingi za mashambani hazikukatwa na mtu, zilijikata. Mchukuzi mwenye mzigo kichwani, au mchumaji aliyechoka, hushuka kwa mstari ulio mfupi kuliko yote, kutoka kileleni moja kwa moja mpaka bondeni. Wa pili akamfuata, na wa mia. Majani yakafa, udongo ukagandamana, na mvua ya masika ilipokuja ikaikuta njia tupu iliyonyooka, ikapita hapo hapo. Maji yanayoteremka yakinyooka huzidi mbio, na yakizidi mbio huchukua udongo mwingi zaidi. Baada ya misimu michache njia imekuwa mtaro, baada ya mingine mtaro umekuwa korongo, na watu wamehamia pembeni yake kuanza njia mpya, nayo ikafuata mkondo ule ule. Mwenye basikeli hapo hapandi wala hashuki. Analibeba chuma lake juu ya mizizi iliyo uchi.

Na mizizi hiyo ni ya nani? Mizizi ya kulishia ya mkarafuu iko karibu na uso wa ardhi, nayo haipendi kuguswa. Udongo wa juu, ambao una rutuba, ndio wa kwanza kwenda. Utauona bondeni umefunika mpunga kwa tope jekundu, na mkarafuu pale juu umeanza kukauka ncha za matawi huku mwenyewe akitafuta dawa ya ugonjwa. Yako magonjwa ya kweli, na hatusemi kila mkarafuu uliokufa umeuawa na njia. Twasema tu kwamba mti ulio kando ya korongo umenyang'anywa chakula na maji, na hilo laonekana kwa macho bila ya bwana shamba.

Watengenezaji wa njia za basikeli, waliokuja baada ya wale vijana wa Fairfax, walikutana na taabu hii hii, maana njia zilizonyooka ziliwaharibikia kila mvua. Wakakubaliana juu ya kanuni chache ambazo mkulima ye yote wa kilimani atazielewa mara moja.

Kanuni ya kwanza ni kwamba njia isishuke kilima, bali ikizunguke ubavuni, ikipanda kidogo kidogo. Kwa wastani isizidi kupanda mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo. Ya pili, na hii ndiyo yenye akili, ni kwamba ukali wa njia usizidi nusu ya ukali wa ubavu wa kilima chenyewe. Kilima chenye mteremko wa 16 kwa 100, njia yake isizidi 8 kwa 100. Sababu yake ni kuwa maji hupenda upande ulio mkali zaidi. Ukali wa ubavu ukizidi sana ule wa njia, maji huikata njia na kuendelea zao bondeni. Ukikaribiana nao, maji huona njia ndiyo nyepesi na huigeuza kuwa mto. Ya tatu, ukingo wa nje wa njia uwe chini kidogo kuliko wa ndani, mita moja ya upana ishuke sentimita 4 au 5, ili maji yatambae juu yake kama shuka na yasikusanyike. Na ya nne, kila baada ya mwendo kidogo njia iteremke kijibonde kisha ipande tena. Pale kwenye kijibonde maji yaliyokuwa yakiifuata njia hushindwa kupanda, nayo hutoka nje.

Hapo ndipo palipotupendeza khasa. Kwani ukimwuliza mwendesha basikeli ye yote ni njia gani iliyo tamu kuliko zote, atakueleza ile inayozunguka kilima kama ukanda, inayopinda kabla hujaona mwisho wake, yenye kuinuka na kuzama kama mashua yenye upepo mzuri, ambapo mwendo wa kushuka kijibonde hukupandisha upande wa pili karibu bila ya kukanyaga. Hakujui kuwa kijibonde kile kiliwekwa kwa ajili ya maji. Kupanda kwake hakumkatishi pumzi, na kushuka kwake hakuhitaji kubana breki daima, kwa hivyo gurudumu halikwaruzi udongo wala rimu haipati moto. Njia iliyonyooka humpa mbio za dakika moja na khofu ya dakika moja. Hii humpa saa nzima.

Kupima njia ya namna hii hakuhitaji chombo cha dukani. Chukua miti miwili iliyo sawa, kiasi cha mita 2 na zaidi, iunge juu na kuitanua chini mpaka miguu iwe mbali kwa mita 2 kamili, kisha funga fito ya kukata katikati, iwe kama herufi A. Juu, penye maungano, ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha mahali palipo sawa, geuza miguu, na palipo katikati ya alama mbili za uzi kwenye fito ndipo alama ya usawa. Wakulima wengi wa bara hutumia chombo hiki kukatia matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kwa njia, fungia kipande cha mti cha sentimita 16 chini ya mguu mmoja. Mguu huo ukiwa upande wa bondeni na uzi ukianguka kwenye alama, umepata mteremko wa 8 kwa 100. Geuza chombo hatua kwa hatua, na kila kituo choma kijiti. Watu wawili wataumaliza mstari wa kilima kizima asubuhi moja, na wa tatu akija na panga atawasaidia kuliko akija na ushauri.

Njia ya kuzunguka ni ndefu, hilo hatulifichi, na mtu mwenye pakacha la karafuu mbichi kichwani atauliza kwa nini azunguke. Kwa kilima cha kimo cha mita 40, njia ya 8 kwa 100 yataka mita 500, wakati ile iliyonyooka labda ni mita 200. Lakini ile ya mita 500 basikeli yapita, na kilo 50 zilizo juu ya basikeli hazimo kichwani mwa mtu. Hesabu hiyo kila mwenye shamba ataifanya kwa vilima vyake mwenyewe.

Njia tena si ya mwenye basikeli peke yake. Kule Tamalpais watembeao kwa miguu na wapandao farasi walichoka kushtushwa na watu wanaochomoza kwenye kona kwa mbio, wakalalamika. Wenye mamlaka wa ardhi ile, ambayo ni ya mabwawa ya maji ya kunywa, wakazizuia basikeli katika njia nyembamba, wakaziachia zile pana tu, na huko nako wakaweka kikomo cha maili 15 kwa saa. Mchezo ulizaliwa pale, na pale pale ukafungiwa milango kwa miaka mingi. Ndipo mwaka 1988 vyama vitano vya California vikaungana kuunda chama kimoja, IMBA, kwenda kuzungumza na wenye ardhi na kujitolea kutengeneza njia badala ya kuziharibu tu.

Sisi hatuna farasi, lakini tuna majamvi. Wakati wa mavuno karafuu huanikwa uani na kando ya njia siku 4 au 5 za jua, na kilo 3 zilizochumwa hubaki kama kilo 1. Gurudumu likipita juu ya jamvi huvunja vichwa, na karafuu isiyo kichwa hushuka daraja. Mchanga nao huingia. Wageni wamekuwa wakija kisiwani na basikeli zao za milimani kutembea mashambani, na wengi wao ni watu wapole wasiojua tu kwamba njia ile hupita mlangoni mwa mtu, na kuwa anayepita bila ya kupiga hodi wala kutoa salamu amefanya jambo. Afadhali waambiwe mapema na wanaowaongoza kuliko njia kuzibwa kwa miiba baadaye. Penye jamvi mtu hushuka na kusukuma. Penye watoto hupiga kengele akiwa mbali. Vijana wetu wenyewe nao hawakusamehewa kanuni hii.

Mtu akituuliza wapi pa kuanzia, kwa asiyezoea vilima twapenda kumpeleka kaskazini, toka Konde kupita msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi, na mwenye pumzi aendelee hadi mnara wa taa wa Kigomasha. Hapana vilima vikubwa huko, lakini ndani ya msitu jua halifiki, hewa ni baridi hata saa sita, na mtu hujifunza kushika njia penye kivuli na mchanga kabla hajapelekwa penye utelezi. Aliyekomaa na arudi upande wa magharibi na katikati ya kisiwa, penye vilima na mabonde yanayofuatana bila kupumzika, atoke baada ya sala ya alfajiri wakati umande umeanza kukauka na jua halijawa kali. Wakati wa mavuno atasikia harufu ya karafuu kabla ya kuyaona majamvi. Mwenzi mmoja atosha. Wakiwa sita wataanza kushindana.

Vuli huangukia katikati ya mavuno, na ndio wakati njia zinapotumika sana na kuteleza sana. Lakini kazi ya kuzihamisha njia ni ya kabla ya masika, mwezi wa Januari na Februari, udongo ungali mkavu na vijiti vinasimama. Mwenye kutaka kujua aanzie wapi na achukue mwavuli siku ya mvua kubwa, asimame kwenye njia ya shamba lake, aangalie maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Hapo yanapoingia ndipo pa kuchoma kijiti cha kwanza. Njia ya zamani isiachwe wazi: itupiwe matawi na makuti kwa kukingama, na kupandwa majani, la sivyo watu watairudia kesho yake.